Mashine ya Kufuma Sweta: Kabla Hujalipa, Piga Hesabu Hii

Ukiwa na shilingi 60,000 za Kenya mkononi na nia ya kuingia kwenye kazi ya kufuma sweta, usizipeleke zote kwa muuza mashine. Yeye atakuambia kwamba ukishakuwa na mashine, kazi umepata. Si kweli. Mashine ni sehemu tu ya gharama, na anayeinunua kabla hajajua hata kutandika vitanzi vya kwanza anajiweka pabaya: atajifunzia kwenye mali yake mwenyewe, atapinda sindano zake mwenyewe, na pesa ya uzi itakuwa imekwisha.

Bei za mashine hupanda na kushuka kila mara dola inapocheza, na maduka mawili yanayotazamana hayakubaliani. Kwa hiyo hesabu nitakazopiga humu ni za mfano. Weka bei za mjini kwako, uone jibu linatoka vipi.

Jambo la kwanza ambalo wauzaji hawalisemi: mashine ya kufuma haitoi sweta. Inatoa vipande. Utapata mbele, mgongo, mikono miwili na ukanda wa shingo, vyote vimelala mezani. Kuviunganisha ni kazi nyingine, na kwa anayeanza kazi hiyo huweza kula muda mrefu kuliko kufuma kwenyewe. Mabega yanaungwa, mikono inapachikwa, mbavu zinashonwa, shingo inavishwa ukanda wake, kisha sweta nzima inapigwa pasi ya mvuke ili ikae sawa. Shingo ya V ndiyo inayomtambulisha fundi. Mzazi anaposimama dukani kununua sweta ya shule huitazama ile ncha ya V kabla ya kitu kingine chochote; ikiwa imekaa upande, sweta inarudi rafu.

Sasa tuje sokoni. Kuna aina tatu ambazo mtu wa pesa kidogo atakutana nazo.

Ya kwanza ni ile ya plastiki ya duara, yenye mkono wa kuzungusha. Huwa na sindano 22, 40 au 48, na ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Ukizungusha mkono, inatoa bomba la kitambaa. Kwa boshori, skafu na soksi nzito za nyumbani, inafaa. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuitumia, na ukikosea unafumua unaanza upya bila hasara.

Lakini upana wake haubadiliki kwa maana yoyote ya kibiashara. Sindano ni zilezile, kwa hiyo bomba ni lilelile. Sweta ya mtu mzima ni lazima uiunge vipande vingi vyembamba, na mishono yake haifichiki. Tena inataka uzi mnene wa kufuma kwa mkono, ambao ukiupima kwa kilo huwa ghali kuliko uzi wa koni wa viwandani. Meno ya ndani ni plastiki, na yakikatika, kupata ya kubadilisha ni shida. Kama unataka kujifurahisha au kuuza boshori msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti, inunue. Kama unataka sweta za shule, iache dukani hata ukipunguziwa bei.

Ya pili ni mashine ya nyumbani ya Kijapani, ile nyembamba ndefu inayofungwa kwenye ukingo wa meza na kukunjwa ndani ya kasha lake kama sanduku la safari. Ya kawaida ina sindano 200 zilizoachana kwa milimita 4.5. Ile ya uzi mnene ina nafasi ya milimita 9 na sindano 110 hivi. Watengenezaji wengi waliacha kuziunda kufikia mwisho wa miaka ya 1990, na waliobaki ni wachache mno. Maana yake, karibu kila utakayoiona hapa ni mtumba, imetoka Ulaya au Japani, na ina umri wa miaka 30 au zaidi.

Hili si kosa. Chuma chake ni kizuri, na iliyotunzwa hufanya kazi vizuri sana. Ni nyepesi, haitaki chumba cha peke yake, na kwa anayeishi chumba kimoja hiyo ni faida kubwa. Nyingi hutumia kadi za matundu kuchora mapambo, ambapo ua moja hurudiwa kila baada ya vitanzi 24, na hazitaki umeme hata kidogo.

Gharama iliyojificha ndani yake ni kitu kidogo kisichoonekana: ukanda wa sponji. Ndani ya mashine hizi kuna bamba refu jembamba lililobandikwa sponji, na kazi yake ni kuzikandamiza sindano zikae chini. Sponji huzeeka hata kama mashine haijatumika. Ikishalala, sindano zinainuka, vitanzi vinadondoka, na kichwa kile kinachosukumwa kushoto na kulia kinakwama katikati. Anayeanza hudhani ni mkono wake mbaya. Anasukuma kwa nguvu, na hapo sindano zinapinda au kichwa chenyewe kinaharibika.

Kuipima ni rahisi, na usione haya kuipima mbele ya mwenye mali. Vuta sindano kadhaa mbele, kisha jaribu kuinua vichwa vyake kwa kidole. Sponji ikiwa hai, utahisi inakurudisha chini. Ikiwa imekufa, sindano zitachezacheza na kusimama juu kivyake. Muuzaji mwaminifu atakwambia, "Dada, hiyo itabidi ubadilishe sponji." Ambaye si mwaminifu atasema mashine "imelala tu kidogo, ukiitumia itazoea." Haizoei. Ukanda mpya huagizwa kutoka nje, au fundi mjanja hubandika sponji nyingine kwenye bamba la zamani. Vyovyote vile, toa gharama hiyo kwenye bei kabla hujakubali.

Kuna kasoro nyingine inayowaumiza wengi. Mashine hii ina safu moja ya sindano, kwa hiyo peke yake haifumi ribu, ule upindo unaovutika wa kiunoni na kwenye vikono. Kitambaa chake cha kawaida hujikunja pembeni. Ili upate ribu ununue safu ya pili, ambayo lazima iwe ya aina ileile na nafasi ileile ya sindano, ama ugeuze vitanzi kimoja kimoja kwa ndoano ya mkono. Sweta ya shule isiyo na ribu hakuna atakayeinunua. Safu ya pili ikiuzwa peke yake huweza kukaribia bei ya mashine nzima, kwa hivyo mashine "ya bei poa" isiyo nayo si ya bei poa. Ulizia safu ya pili kabla hujaulizia bei.

Na kama ni ile yenye vitufe vya umeme, soma kibati cha nyuma. Zilizoundwa kwa soko la ndani la Japani hutumia volti 100. Huku kwetu ukutani kunatoka 240. Ukiichomeka moja kwa moja utaiunguza, na kununua mashine ya kupunguza umeme ni gharama nyingine.

Ya tatu ndiyo utakayoikuta kwa mafundi wa sweta za shule Nairobi, Limuru, Nyeri, Nakuru na hata ng'ambo ya mpaka, Arusha, Mbeya na Njombe. Ni mashine ya chuma ya kusukuma kwa mkono, yenye safu mbili za sindano zilizoegemeana kama paa la nyumba, imesimama kwenye miguu yake ya chuma. Nyingi hutoka China na India. Asili yake ni ya zamani: Mmarekani Isaac Lamb alipata hataza ya mashine ya namna hii mwaka 1863, na umbo lenyewe halijabadilika sana. Uzee huo ni faida kwako. Mashine isiyobadilika kwa miaka mingi ina vipuri vingi na mafundi wengi.

Inafuma ribu bila kuongezewa kitu. Haina sponji. Haitaki umeme, kwa hiyo stima zikikatika wewe unaendelea. Pasi tu ndiyo itasubiri. Ikianguka itaumiza mguu wako kabla ya kuumia yenyewe. Kwa anayetaka kula kutokana na kazi hii, ndiyo ninayoipendekeza, na nasema hivyo nikijua ndiyo ghali kati ya hizi tatu. Mpya ni makumi ya maelfu ya shilingi. Yenye upana mkubwa na vifaa kamili huweza kufika laki.

Ubaya wake ni uzito na ukaidi. Kuihamisha unahitaji watu wawili na pikapu. Ukiishi ghorofa ya tatu, fikiria ngazi. Ukihama nyumba, lipa tena. Bega la anayeanza litauma wiki za mwanzo, kwa sababu kichwa chake si chepesi kama cha Kijapani. Na kelele zake jirani atazisikia, hasa ukifuma usiku, kwa hiyo zungumza na mwenye nyumba kabla hujaileta.

Kuna za injini na za kompyuta pia. Zinataka umeme wa uhakika, fundi wa programu na oda za kutosha kuzilisha kila siku. Anayeanza asizifikirie.

Baada ya aina, linakuja suala la geji, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya. Geji ni idadi ya sindano katika inchi moja. Geji 5 ni ya uzi mnene na kadigani nzito. Geji 7 ni ya katikati. Geji 10 na 12 zinatoa kitambaa chembamba, laini, kilichobana. Huwezi kuweka uzi mnene kwenye geji 12, utavunja sindano. Ukiweka uzi mwembamba mmoja kwenye geji 5, utapata wavu wa samaki.

Kwa hiyo usichague mashine kisha utafute uzi. Nenda kwanza kwenye duka la nyuzi unalolifikia kwa matatu moja, uone koni gani zipo mwaka mzima na rangi gani za shule za kwenu. Waulize, "Wenye geji ngapi ndio wananunua huu?" Kisha tafuta mashine inayokula uzi huo. Mashine nzuri yenye geji isiyo na uzi mtaani kwako itakulazimisha kununua kwa nauli ya basi na ada ya kifurushi kila mara.

Geji pia inaamua gharama ya sindano. Mashine ya inchi 36 yenye geji 7 ina sindano 252 kila safu, yaani 504 kwa safu mbili. Ya upana huohuo yenye geji 12 ina 432 kila safu, jumla 864. Tuseme sindano moja ni shilingi 20. Kubadilisha zote ni shilingi 10,080 kwa ya kwanza na 17,280 kwa ya pili. Hutabadilisha zote kwa mpigo kama mashine ni nzima, lakini kwenye mtumba uliokaa na kutu huenda ukalazimika. Na sindano hazifanani: urefu, unene na kitako vinatofautiana. Ukienda kununua, beba moja ya zamani mfukoni kama sampuli.

Kwa mtu anayeanza, geji 7 ni mwalimu mzuri. Vitanzi unaviona kwa macho, kosa unalikamata mapema, na kitambaa kinakua haraka. Ila kama shule zote za eneo lenu zinavaa sweta nyembamba, geji 7 haitakuuzia kitu, na itabidi uanze moja kwa moja na 10 au 12 na uvumilie. Chukua sweta moja ya shule iliyo karibu, ipeleke kwa fundi yeyote, umwulize imefumwa kwa geji gani. Ni swali la bure.

Mpya au mtumba? Kwa mashine ya chuma, naegemea mtumba wa fundi anayefunga kazi au anayepanua, mradi uikute imesimama na inafuma. Mtumba wa fundi anayeitumia kila siku ni bora kuliko uliofunikwa gunia stoo miaka miwili. Utapata pamoja nayo vizito, kitana cha kushikia kitambaa, sindano za akiba, na mara nyingine koni zilizobaki. Mpya huja na vifaa pungufu kuliko unavyodhani. Hesabu vizito kabla hujalipa. Kitambaa kisipovutwa chini sawasawa, vitanzi hupanda juu ya sindano na kuruka.

Siku ya kuipima, nenda na uzi wako mwenyewe, wa aina utakayotumia. Muuzaji akikuonyesha kwa uzi wake, umeona uzi wake tu. Sukuma kichwa kikiwa kitupu kutoka mwisho hadi mwisho: kisikwaruze wala kushika mahali pamoja. Kagua ulimi wa kila sindano, ile pini ndogo inayofunguka na kufunga. Ukiinua kwa kucha ianguke yenyewe bila kukwama. Tazama brashi ndogo zilizo kwenye kichwa, zile zinazofungua ndimi; zikiwa zimekwisha, vitanzi vitadondoka. Kisha fuma mistari 50 kwa upana wote wa sindano. Sisitiza upana wote. Muuzaji mwenye jambo la kuficha atafuma pale pazuri tu akuonyeshe, na kutu iko kwingine.

Wanaotaka kuagiza mtandaoni kutoka nje, bei mnayoiona kwenye skrini si bei ya kufikia mlangoni. Kuna nauli ya meli au ndege, na chuma kizito kwa ndege ni ghali mno. Bandarini Kenya kuna ada ya tamko la uagizaji, tozo ya reli, na kulingana na jinsi mzigo ulivyoainishwa, ushuru wa forodha na VAT ya 16%. Halafu wakala, na kila siku mzigo unapochelewa kutoka kuna gharama ya kuuhifadhi. Mwombe wakala akuandikie hesabu yote kabla hujatuma hata shilingi. Na mashine ikifika na kasoro, kuirudisha haiwezekani kwa mtu wa kipato chetu. Kwa mashine moja, nunua iliyoko nchini.

Tuweke hesabu pamoja sasa, kwa bei za mfano. Mashine ya chuma ya mtumba 55,000. Pikapu na wabebaji 3,000. Fundi wa kuifunga na kuisawazisha 1,500. Sindano 50 za akiba 1,000. Vizito vya kuongeza 1,500. Mafuta ya cherehani 300, na usithubutu kuweka mafuta ya kupikia, yanaganda. Pasi 3,500. Uzi wa kuanzia, kilo 15 kwa 900, ni 13,500. Mafunzo 12,000. Jumla shilingi 91,300. Aliyeingia na 60,000 amepungukiwa na zaidi ya 31,000, na bado hajalipa kodi ya nyumba wala kununua cherehani ya kuunganishia.

Upande wa mapato: sweta ya mtoto wa shule ya msingi tuseme inakula gramu 250. Ongeza moja ya kumi ya uharibifu. Uzi unafika kama 250 kwa pesa. Lebo, uzi wa kushonea na mfuko, 30. Ukiuzia duka kwa 550, unabaki na 270. Kurudisha 91,300 unahitaji sweta 339. Anayeanza akitoa mbili kamili kwa siku, siku sita kwa wiki, hiyo ni wiki 28 na kidogo. Zaidi ya nusu mwaka, na hujajilipa mshahara. Hesabu hii haikusudii kukutisha. Inakuonyesha kwamba huwezi kuiendesha kwa mkopo wa muda mfupi.

Na mikopo ni lazima tuiseme. Mkopo wa mtu binafsi wa Hustler Fund, mfuko wa serikali ya Kenya uliozinduliwa Novemba 2022, ulikuja na riba ya 8% kwa mwaka, ambayo ni nafuu, lakini muda wa kulipa ni siku 14, na 5% ya unachokopa huwekwa akiba usiishike. Siku 14 haziwezi kulipa mashine. Zinaweza kununua uzi wa oda ambayo mteja atalipa siku ya kuchukua. Kwa mashine, chama au SACCO inayokupa mwaka mzima ina maana zaidi.

Kulipa kidogokidogo kwa muuzaji nako kuna siri. Akikwambia weka 15,000 kisha 5,500 kwa miezi kumi, umelipa 70,000 kwa mashine ya 55,000. Hizo 15,000 za juu ni kilo 16 na zaidi za uzi, yaani kama sweta 60. Uliza pia ukichelewa mwezi mmoja inakuwaje. Kama jibu ni kwamba anaichukua mashine na pesa hazirudi, usitie sahihi.

Ndiyo maana nasema shilingi za kwanza ziende kwenye mafunzo. Kuna njia tatu.

Vyuo vya ufundi vya kaunti, vile vilivyokuwa vikiitwa politekniki za vijana, ndivyo nafuu, na baadhi hufundisha kufuma kwa mashine. Tanzania, ofisi za mikoa za SIDO, shirika lililopo tangu 1973, na vyuo vya VETA ni mahali pa kuuliza kwanza. Tatizo ni muda mrefu, na wanafunzi kugombea mashine. Karo ndogo haina faida kama unakaa kwenye mashine saa moja kwa wiki. Nenda siku ya masomo, si siku ya usajili, uhesabu mashine zinazofanya kazi na vichwa vya wanafunzi.

Muuza mashine hutoa mafunzo "ya bure." Ni asubuhi moja ya kukuonyesha kusukuma kichwa na kutandika vitanzi. Hayo si mafunzo.

Njia ninayoipenda ni fundi mwenye oda zake, anayekubali mwanagenzi kwa ada. Utaona kazi halisi, wateja halisi, na sweta zinazorudishwa. Lakini kubalianeni kwa maandishi. Mwulize, "Fundi, kwa siku nitakaa kwenye mashine saa ngapi? Uzi wa mazoezi ni wangu ama wako? Nikivunja sindano nalipa mimi?" La mwisho na la maana kuliko yote: "Nitamaliza nikiwa nimetoa sweta nzima ya shingo ya V kwa mkono wangu?" Wapo wanaochukua ada kisha wakakugeuza kuwa mtu wa kukunja sweta na kutia lebo.

Uzi wa mazoezi usiwe wa rangi nyeusi. Vitanzi vyeusi havionekani. Nunua kilo mbili za rangi ya mwanga, fuma, fumua, fuma tena. Kila uzi mpya, fuma kwanza kipande kidogo, kipige pasi, kiache kilale usiku kucha, kisha hesabu vitanzi na mistari katika sentimita 10. Kipande hicho cha shilingi chache kinaokoa mgongo mzima wa sweta uliotoka mfupi. Na ukinunua uzi wa oda, nunua wote siku moja, wenye namba moja ya kundi la rangi. Bluu ya leo na bluu ya mwezi ujao hazifanani, na mzazi ataona mkono una rangi yake na kifua chake.

Ukishaweza sweta nzima, usikimbilie kununua bado. Kodi. Baada ya shule kufunguliwa Januari, oda hupungua na mashine nyingi hukaa. Fundi atakubali ukodi moja kwa mwezi papo hapo dukani kwake. Tuseme mafunzo 12,000, uzi 5,000, kukodi miezi miwili kwa 4,000 kila mwezi. Umetumia 25,000 na una 35,000 mfukoni, ujuzi mkononi, na umeshajua kama kuna anayenunua kazi yako. Shule nyingi huelekeza wazazi kwenye duka fulani. Usipokuwa na njia ya kufika kwenye duka hilo, sweta yako nzuri itakaa kabatini. Ni heri ujue hilo ukiwa umekodi.

Februari na Machi ndiyo miezi ya kujadili bei ya mtumba. Desemba kila fundi anaitaka mashine yake, na muuzaji anajua wazazi wanakuja. Ukinunua Desemba unalipia haraka ya watu wengine.

Kama huwezi kusubiri na lazima uamue wiki hii, chukua ya chuma ya mtumba, geji inayolingana na uzi wa dukani kwenu, na umtafute fundi wa kukufundisha juu yake siku hiyohiyo. Lipa nusu baada ya kuipima, nusu ikishasimama kwako na kufuma kipande. Risiti iandikwe namba ya mashine, geji, upana, idadi ya vizito na sindano za akiba, na siku ambazo muuzaji atarudi kuitengeneza ikikwama. Akikataa kuandika, ondoka na pesa zako.